Udongo wa Mathioya

Waruguru hakuupenda mto. Aliwaambia watu hivyo waziwazi, na bado walimjia kana kwamba yeye ndiye aliyeuchimba. Kuogelea hakujua. Maji hayakuwahi kumpita kifundo cha mguu, ila labda yale ya mvua mitaro ya Jogoo Road ilipoziba. Lakini miaka ile, kama ulikaa mitaa ya Maringo au Mbotela, Nairobi, na ukataka kwenda kustarehe Mathioya, mto ule unaoshuka kwa kelele kutoka milima ya Nyandarua, mlango wa kwanza kubisha ulikuwa wake.

Sababu ilikuwa tyubu. Mume wake, Irungu, alikuwa fundi wa pancha karibu na stendi ya malori. Alipofariki, ndugu zake walikuja wakagawana redio, baiskeli na hata kitanda alichofia. Ile mipira ya ndani ya matairi ya lori, iliyotundikwa ukutani na viraka vyake, hakuna aliyeitaka. "Hizo tyubu baki nazo, shemeji," mmoja alimwambia, kama mtu anayemwachia mwenzake mifupa. Waruguru akabaki nazo. Mbele yao hakulia, na walipoondoka hakupata nafasi. Alikuwa na mtoto, Ngigi, na kodi ya nyumba.

Haukupita muda vijana wa mtaa wakaja kumwomba tyubu moja ya kuelea mtoni siku ya pili ya Krismasi. Akawaambia kuomba huombwa kanisani; kwake watu hukodi. Wakakodi. Baada ya tyubu akaongeza sufuria za kupikia, baada ya sufuria akajuana na mwenye basi, na kabla hajageuka akawa yeye ndiye safari yenyewe. Kama mtu alirudi na homa, ni Mama Ngigi. Kama nyama ilikuwa ngumu, ni Mama Ngigi. Kama nyuki walitoka mtini wakamuuma mzee wa kanisa, bado alikuwa ni Mama Ngigi.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa nduma, yaani magimbi. Alizichemsha alfajiri na kuziuza kando ya Soko la Burma, kwa watu waliotoka buchani na nyama choma wakitafuta kitu cha kuisindikiza tumboni. Nduma hizo zililetwa kila Ijumaa na Njoki, mkulima ambaye shamba lake liligusana na Mathioya, juu kidogo ya pale watu wa Nairobi walipozoea kuogelea.

Na hapo ndipo Waruguru alipowazidi wote ujanja. Njoki aliziosha nduma mtoni kabla ya kuzitia guniani. Mto ukiwa mdogo na mweupe, nduma zilifika safi. Mvua ikinyesha mlimani, mto ulibeba udongo, na udongo ule mwekundu ulibaki kwenye mikunjo ya nduma kama poda. Na mto ukifura hata Njoki asiweze kuukaribia, nduma zilifika na tope jeusi la shambani, halijaguswa. Basi Waruguru alifungua gunia, akaingiza mkono, akajua. Watu walimsikia tu akisema, "Wiki hii hapana," au, "Nendeni, mto umetulia," nao wakasema mama huyu ana macho. Aliwaacha waseme. Akiwaeleza habari ya gunia, kesho kila mtu angekuwa na Njoki wake.

Kilichomchosha ni watu wenyewe. Mtu wa Nairobi alitazama mbingu za Makadara, akaona jua, akaamua kwamba mto wa kule milimani umekauka. Ukimwambia mvua ya mlimani haipitii Makadara kuaga, alikuangalia kama unayemnyima kitu. Na mwaka wa themanini na nne ndio uliowaharibu kabisa. Mvua ilikataa. Mathioya ulikonda mpaka watoto wakauvuka kwa kuruka mawe bila kulowesha soksi. Lile jiwe pana la ukingoni waliloliita Meza, ambalo watu walichomea nyama juu yake, lilisimama nje ya maji lote kama kabati. Waliokwenda mwaka huo walirudi wakisema Mathioya ni wa kuoshea miguu.

Mwaka uliofuata mvua ikarudi. Mwezi wa tatu Njoki alileta gunia zito, nduma zimevaa tope mpaka hazitambulikani. Wateja walilalamika kwamba wanatafuna mchanga, na mmoja akarudisha kipande kikiwa na alama za meno. Ijumaa iliyofuata Waruguru akamshukia Njoki hata kabla ya salamu kuisha.

"Njoki, hapa umenipimia nduma ama shamba?"

"Ni mvua, Mama Ngigi. Utanilaumu kwa mvua?"

"Mimi udongo ninao hapa Nairobi, tena wa bure. Wiki ijayo uniletee nduma safi. La sivyo, kuna mama wa Kangema ananibembeleza kila siku."

Mama wa Kangema hakuwako. Lakini wiki iliyofuata nduma zilikuja zinang'aa, bei ileile, na Waruguru alitembea siku nzima kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi ya Pasaka akaja Naftaly. Huyu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja na katibu wa kwaya ya kanisa lao, na alikuwa amejinunulia koti jipya la kodrai, la rangi ya kahawia, ambalo alilivaa hata jua lilipomchemsha.

"Mama Ngigi, Jumatatu ni yetu. Kwaya nzima tunakwenda Mathioya. Watu wanataka kupanda tyubu."

"Huu ni mwezi wa nne, Naftaly. Mwezi wa nne si wa kuchezea."

"Lakini hapa hakujanyesha tangu Jumatano!"

"Kwani mto unatoka hapa?"

"Mimi nasema tu hali ya hewa."

"Ya wapi?"

Naftaly akaangalia juu, akaonyesha mbingu kwa kidole, kama mtu anayemwonyesha mtoto ndege. Waruguru akashusha pumzi. Akaenda kwenye gunia lililofika jana yake, akaingiza mkono. Nduma zilikuwa safi kabisa, hata ndani ya mikunjo. Alishangaa kidogo, mwezi wa nne, lakini gunia lile halikuwa limemdanganya hata mara moja.

"Sawa," akasema. "Mto umetulia."

Kesho yake kanisani, baada ya matangazo ya harusi, Naftaly alisimama mbele ya watu wote akasema safari ipo, na kwamba wazazi wasiwe na wasiwasi kwa sababu Mama Ngigi mwenyewe amesema mto ni salama. Vichwa viligeuka kumtazama. Waruguru akatabasamu, lakini tangazo lile hakulipenda. Tyubu mtu angeweza kuzipata popote. Watu walikuja kwake kwa sababu hakuna aliyewahi kwenda mtoni kwa neno lake akakosa kurudi.

Jumatatu waliusikia mto kabla ya kuuona. Basi lilipozimwa injini, kelele haikuisha; ilikuwa inatoka bondeni. Waruguru alishuka wa kwanza, akasogea mpaka penye mteremko, akashika kiuno.

Mathioya ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ulikuja ukibingirika, umebeba matawi na migomba mizima, na Meza ilikuwa imebaki mgongo tu, maji yakiulamba. Chini zaidi, mto ulipokata kona, palikuwa na daraja la miti la watu wa miguu. Siku zote mtu alipita chini yake amelala kwenye tyubu, akawapungia mkono waliosimama juu. Leo maji yalikaribia kugusa magogo yake. Kichwa kisingepita hapo. Na juu ya mambo hayo yote, mbingu ilikuwa buluu, bila hata wingu la kuwatisha wajinga.

"Hakuna kuingia," Waruguru akasema.

Ungedhani amewaambia Pasaka imefutwa.

"Mathe, si ni wewe ulisema mto umetulia?" Huyo alikuwa Koki, taipisti, binti wa Mutisya mchonga vinyago. Alikuwa ameshavaa kaptura na amejitia tyubu kiunoni.

"Nilisema Jumamosi. Leo ninaona kwa macho."

"Basi macho yako na mdomo wako vikae kikao, vituletee jibu moja," mwimbaji wa besi akadakia, na kwaya nzima ikaangua kicheko.

Mutisya akajitokeza kusuluhisha. Waruguru alimheshimu Mutisya, ila alipoanza kusuluhisha mambo, yalirefuka.

"Tungojeeni kidogo tu," akasema. "Kwetu Kitui mto hufika asubuhi unang'oa miti, na saa sita watu wanafukua mchanga kutafuta maji ya kunywa. Huu nao utapita."

"Baba Koki, huu si mto wa Kitui. Huu una mlima mzima nyuma yake."

"Maji ni maji, Mama Ngigi."

Akachukua fimbo yake, aliyoichonga mwenyewe na kuitia kichwa cha twiga, akaichomeka pale maji yalipoishia ili wote waone yatakavyorudi nyuma. Basi watu wazima wakakaa kwenye nyasi kumwangalia twiga. Maji yakamfika kifuani. Mutisya akasema yanajipanga kabla ya kushuka. Yakamfika shingoni. Baadaye wakatazama tena, na twiga hayupo.

"Labda ameanguka," Mutisya akasema.

Waruguru alifikiri hapo mambo yatakuwa yameisha. Lakini Naftaly akasimama, akajikung'uta nyasi kwenye kodrai, akatoa hoja.

"Kama maji yanaongezeka, si ni afadhali tuingie sasa kabla hayajajaa?"

Na watu wakaitikia! Watu wenye kazi zao mjini, wenye kujua kusoma, waliitikia. Waruguru akatazama mbinguni, si kwa sala.

Wakati huo Njoki akatokea njia ya shambani na kikapu cha nduma kichwani, kuwasalimia wageni wake. Waruguru hakungoja hata akitue.

"Njoki, mto umekuwa hivi tangu lini?"

"Huu? Wiki kadhaa sasa. Mlimani kunanyesha kila siku. Mimi hata sishuki huko chini, unaweza kukubeba."

"Hushuki? Na nduma unaziosha wapi?"

"Kwenye mfereji wa shule, yale maji ya bomba tuliyovuta kwa harambee. Sasa ningefanyaje, Mama Ngigi? Wewe si ulisema nikileta udongo tena unahamia kwa mama wa Kangema?"

Gunia halikuwa limemdanganya Waruguru. Yeye ndiye aliyeliambia linyamaze, tena akajisifu. Alitafuta mtu mwingine wa kumkasirikia, akakosa, na hilo likamuudhi zaidi ya mto.

Kelele za vijana zikamrudisha. Koki na wenzake walikuwa wameanza kuteremsha tyubu kuelekea Meza.

"Rudisheni tyubu zangu!"

"Tumelipia, mathe!" Koki akajibu bila kugeuka.

Hapo Waruguru aliona kwamba akiendelea kukataza, watamzoea kama walivyoizoea kelele ya mto. Maisha yake yote alijua kwamba mnunuzi hasikii ubaya wa kitu mpaka umguse mfukoni. Akateremka, akasimama kati yao na maji, lakini akazungumza na Naftaly.

"Katibu, wewe unasema pako salama?"

"Mimi nasema vijana hawa wanajua kuogelea."

"Vizuri. Nawaachia tyubu, na kamba ninatoa. Ila wa kwanza kushuka awe koti lako."

Kicheko kikapanda. Naftaly akashika kola kwa mikono miwili.

"Koti? Koti limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Tunalifunga juu ya tyubu, linatoka hapa mpaka darajani, na wanaume wanashika kamba. Likipita vizuri, Koki afuate. Na mimi nitamfuata Koki, na nguo zangu hizi hizi."

"Aaa, hiyo lazima nione!" mwimbaji wa besi akapiga kelele. "Katibu, vua!"

"Vua! Vua!" wakaitikia, kwa sauti zote nne za kwaya.

"Lakini, Mama Ngigi," Naftaly akasema, jasho likimtoka, "hili koti ni jipya."

"Na huyu msichana ni mtumba?"

Kicheko kikakatika kwa baadhi yao. Mutisya, aliyekuwa akicheka na wengine, akamtazama binti yake aliyesimama na tyubu kiunoni, kisha akamtazama Naftaly na mikono yake kwenye kola.

"Toa koti," akasema taratibu.

"Mzee Mutisya, na wewe?"

"Naftaly, nimesema toa koti."

Koti likatoka. Wakalifunga juu ya tyubu vizuri, vifungo vimefungwa, mikono imenyooshwa huku na huku kama mtu anayejistarehesha. Waimbaji wa besi wenye miili yao wakashika kamba. Tyubu ikasukumwa kutoka ukingoni, kando ya Meza.

Haikuelea. Ilinyakuliwa. Kamba ikakimbia katikati ya viganja vyao, wakapiga mayowe, wakaiachia. Tyubu ikazunguka mara moja, ikaenda moja kwa moja kwenye magogo ya daraja, ikapiga, ikapasuka kwa mlio waliousikia juu ya kelele ya maji. Kisha ikavutwa chini. Watu wakasimama wakingoja. Upande wa pili wa daraja mkono mmoja wa kodrai ukajitokeza, ukapunga, ukazama.

Koki akaishusha tyubu yake mpaka miguuni, akatoka ndani yake kama mtu anayetoka kwenye shimo, akapanda juu kwenye nyasi akakaa karibu na baba yake. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakizivuta tyubu kwa aibu.

Waruguru alikuwa anaitazama kona ya mto kwa uchungu. Katika haraka ya mambo alisahau kuchagua tyubu mbovu. Ile iliyokwenda ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote, haikuwa na kiraka hata kimoja.

Nyama wakaichomea juu, kando ya basi, wakala na nduma za Njoki. Baada ya chakula mtu akaanzisha wimbo, wengine wakadakia, na ukiwaona ungedhani hivyo ndivyo walivyopanga tangu nyumbani. Naftaly peke yake alikaa kwenye jua kali akilalamika kwamba pana baridi. Alipokwenda kumuuliza Mama Ngigi ni nani sasa atakayesimamia suala la koti, alijibiwa aulize darajani.

Jua lilipoanza kuinama, dereva akawasha injini. Waruguru akamvuta Njoki pembeni.

"Nduma safi endelea kuniletea," akasema. "Lakini kila Ijumaa uniwekee chache pembeni, zilizooshwa mtoni. Na ukiona mto hauendeki, hizo chache uzilete na tope lake hivyo hivyo."

Njoki akamkazia macho. "Huyo mteja anayekula tope umempata wapi?"

"Ni wangu. Wewe lete."

"Kushuka mtoni ni kazi, Mama Ngigi. Siku hizi mfereji uko karibu na mlango wangu. Hizo za mtoni zitakuwa na bei yake."

"Bei ya udongo? Njoki!"

"Si lazima. Nitamuuliza mama wa Kangema, labda yeye anahitaji."

Waruguru akamtazama usoni kuona kama anajua kwamba mama huyo hayuko. Uso wa Njoki ulikuwa mkavu kabisa. Ndani ya basi walikuwa wanaita, Mama Ngigi, tunachelewa, Mama Ngigi, mtu ametapika huku nyuma, Mama Ngigi, nani amebeba sufuria?

"Nusu ya bei yako," akasema.

Njoki aligeuka tu akautazama mto, kama mtu ambaye hana haraka. Mathioya ukanguruma kule chini. Dereva akapiga honi.

"Haya, haya, bei yako!" Waruguru akasema, akishika mlango wa basi. "Lakini uwe udongo wa mto kweli. Usinipakie wa barabarani."